Mwulize Sista: Sindano ya mifupa haingoji zamu ya chama

*Sista, salamu nyingi. Mimi ni mama wa miaka 64, ninaishi Umoja na cherehani yangu iko Kariobangi. Mwaka jana niliteleza kwenye ngazi za ploti nikavunjika mkono karibu na kiganja. Plasta ilipotolewa nikapimwa mifupa, majibu yakawa −3.1 kwenye uti wa mgongo. Daktari akasema mifupa imepungua nguvu tangu hedhi ilipokoma, akaniandikia sindano ya denosumab. Ya kwanza nilidungwa tarehe 11 Machi. Ya pili ni 11 Septemba, lakini pesa sina. Zamu yangu ya chama ni Desemba, nafikiria kungoja mpaka hapo. Kusema kweli sioni tofauti yoyote, magoti yananiuma vilevile. Vidonge vya kalsiamu nimeviacha kwa sababu vinanifunga choo. Na kuna gego ambalo daktari wa meno anataka kuling'oa. Nifanyeje? – Fundi wa nguo, Umoja*

Mama, usingoje Desemba. Naanza na hilo kwa sababu barua yako imenifikia Agosti na muda bado upo. Hesabu nami: kutoka 11 Machi hadi 11 Septemba ni miezi 6 kamili. Ukichelewa, usipite mwezi mmoja zaidi, yaani 11 Oktoba. Desemba itakuwa mwezi wa 9.

Nikueleze kwa nini nashikilia tarehe hivi. Mfupa unaonekana kama jiwe, lakini ndani yake kuna kazi kila siku: chembe zinazobomoa mfupa mkuukuu, na nyingine zinazojenga mpya. Homoni ya estrojeni huwazuia wabomoaji wasizidishe. Hedhi ikikoma, homoni hiyo hushuka na wabomoaji huwashinda wajenzi. Denosumab hukamata protini moja, RANKL, ambayo ndiyo huwaamsha wabomoaji, na kwa miezi 6 hivi wanalala. Dawa ikiisha mwilini wanaamka wote kwa pamoja, tena kwa kasi kuliko ile waliyokuwa nayo kabla hujadungwa. Mfupa ulioongezeka unapotea, na pingili za mgongo zinaweza kupondeka, mara nyingi zaidi ya moja, hata miezi 7 tu baada ya sindano ya mwisho. Vidonge vya mifupa kama alendronate hukaa ndani ya mfupa kwa miaka, kwa hiyo aliyeviacha bado ana kinga kidogo. Denosumab haikai. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa aliyedungwa miaka mingi, lakini wewe mwenye kipimo cha −3.1, yaani mfupa mwepesi kuliko inavyotakiwa, na mkono uliokwisha kuvunjika huna akiba ya kuchezea.

Nilifanya kazi wodi ya mifupa miaka 31, na bado jambo hili lilinipita nyumbani kwetu. Dada yangu mkubwa alidungwa sindano 6 kwa miaka 3. Vipimo vikapanda vizuri, na kwenye kliniki aliyokuwa akienda mtu akamwambia, "Mama, umepona, sasa pumzika." Hakupewa kidonge chochote cha kufuatia. Mimi nilikuwa na safari zangu, sikuuliza. Mwezi wa 10 tangu sindano ya mwisho aliinama jikoni kwake Kangemi kuinua mtungi wa maji, hata haukuwa umejaa. Alisema alisikia kitu kikifanya "ka" mgongoni, akakaa chini palepale sakafuni. Picha ilionyesha pingili 3 zimepondeka. Wewe ni fundi, utanielewa nikikwambia hivi: alikuwa na gauni la kitenge alilopimwa na kushonewa harusi ya binti yake, pindo likigusa juu ya kiatu. Alipolivaa tena Krismasi, lilikuwa linaburuta sakafuni upana wa vidole vitatu. Gauni halikurefuka. Kila nikiona mtu ameandika "nitangoja kidogo," naliona pindo lile.

Sasa pesa. Najua si mchezo, na sitakwambia "jitahidi" kisha nikuache hapo. Nenda kwa mwenyekiti wa chama wiki hii, si wiki ya tarehe yenyewe, uombe kubadilishana zamu na mama wa Septemba. Wabebee kadi yako ya kliniki waone tarehe. Vyama vingi hukubali mtu akieleza shida ya ugonjwa, na aliyetoa zamu yake hapotezi kitu, anachukua Desemba yako. Kisha piga simu maduka ya dawa matatu au manne uulize bei ya sindano ya denosumab ya miligramu 60, kwa sababu bei hazilingani hata mtaa mmoja wa mjini, na kampuni zinazoitengeneza sasa ni zaidi ya moja. Kama umejiandikisha SHA au una bima nyingine, uliza kabla ya kulipa ni kiasi gani watakubali, wala usikubali jibu la mdomo tu.

Ukiona hata hivyo haiwezekani, si mara hii tu bali kila miezi 6, basi mwone daktari kabla ya 11 Septemba umwambie waziwazi: "Siwezi kuendelea na hii, nihamishie dawa nyingine." Hakuna aibu hapo. Kuna alendronate ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki, ambacho kwa kawaida ni nafuu kuliko sindano. Humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa gilasi ya maji matupu, si chai. Ukishameza kaa wima nusu saa, usirudi kitandani, kwa sababu kikikwama kinachoma koo. Kuna pia dripu ya zoledroniki, miligramu 5, mara moja kwa mwaka. Zote mbili zinataka figo zipimwe kwanza. Kuhama kwa mpango ni matibabu. Kukaa nyumbani bila sindano na bila kidonge ndiko kulikomvunja dada yangu.

Na ikitokea umechelewa, usiseme "nimeshaharibu, basi." Nenda udungwe siku pesa ikipatikana, halafu miezi 6 inayofuata ihesabiwe kuanzia siku hiyo uliyodungwa, si ile ya kwenye kadi ya zamani. Mwambie sista wa kliniki aliandike hilo kwa kalamu mbele yako.

Ukinunua sindano mjini ukaipeleke kliniki mwenyewe, ibebe kama maziwa ya mtoto. Inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Itie kwenye mfuko wa kubebea vitu baridi pamoja na pakiti ya barafu, lakini funga taulo ndogo katikati isigusane na barafu, maana ikiganda haifai tena. Isitikiswe, isiachwe kwenye dashibodi ya matatu juani. Ikishatolewa kwenye friji inaweza kukaa siku 14, mradi joto lisizidi nyuzi 25, kwa hiyo stima ikipotea usiku mmoja usiitupe kwa hofu. Kabla ya kudungwa huachwa mezani kama nusu saa ipoteze ubaridi wenyewe, bila kuichovya kwenye maji moto. Inadungwa chini ya ngozi, pajani, tumboni au nyuma ya mkono, na ni mililita 1 tu.

Umesema huoni tofauti. Hutaiona, mama, na ningependa ungeambiwa hivyo siku ya kwanza. Mfupa mwepesi hauumi mpaka uvunjike. Magoti yako ni jambo la viungo, sindano hii haiyagusi, yatafutie tiba yake. Faida ya sindano ni lile ambalo halikutokea. Katika utafiti mkubwa wa FREEDOM uliochapishwa 2009, wanawake 7,868 wa miaka 60 hadi 90 walifuatwa kwa miaka 3. Kati ya kila 100 waliodungwa sindano isiyo na dawa, kama 7 walipata mvunjiko mpya wa mgongo. Waliodungwa denosumab walikuwa kama 2. Nyonga pia zilivunjika kidogo zaidi kwa upande wa wasiopewa dawa. Lakini kumbuka wale wote walikuwa wakipewa kalsiamu na vitamini D kila siku, na hapo ndipo ninapokuja kwenye vidonge ulivyoviacha.

Virudie. Sindano inazuia mfupa usitoe kalsiamu yake kwenda kwenye damu, kwa hiyo kama huli ya kutosha, ya damu inashuka. Dalili zake ni ganzi au kuwashwa kuzunguka midomo na ncha za vidole, na misuli kukaza. Ukizisikia baada ya kudungwa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwenye figo mbovu, hasa anayesafishwa damu kwa mashine, yuko kwenye hatari kubwa zaidi, asiguswe na sindano hii bila daktari wa figo kujua. Kabla ya 11 Septemba omba upimwe kalsiamu na vitamini D. Choo kikifunga, gawa dozi mara mbili, meza pamoja na chakula, ongeza maji, au omba kalsiamu ya aina ya sitreti badala ya kaboneti. Na sahani isaidie: omena waliwe na mifupa yao, mala, maziwa, terere, managu. Mimi asubuhi nakunywa uji wa wimbi uliochanganywa na maziwa, kikombe kikubwa, na sijachoka nao.

Gego likiwa limeoza ling'olewe. Sindano hii mara chache sana huchelewesha mfupa wa taya kupona baada ya jino kutolewa, kwa hiyo daktari wa meno lazima ajue unadungwa denosumab na lini ulidungwa mara ya mwisho. Huu ndio wakati wenyewe, kabla ya ya pili. Mwombe yeye na daktari aliyekuandikia sindano wazungumze kwa simu wapange siku, ukiwa umeketi pale. Usiruke sindano kwa uamuzi wako kwa sababu ya jino.

Jambo la mwisho kwako: kwenye matatu ya kurudi Umoja usikae kiti cha nyuma kabisa. Tuta moja likipigwa kwa kasi, mgongo ndio unaolipa. Subiri gari lenye nafasi mbele, hata ikibidi kusimama dakika 10.

*Sista, mama yangu ana miaka 71. Yeye anajidunga dawa ya mifupa kila siku kwa kitu kama kalamu. Je, ni dawa hiyohiyo? – Kijana wa Eastleigh*

Hapana mwanangu, hiyo kwa maelezo yako ni teriparatidi, mikrogramu 20 kwa siku. Denosumab huwalaza wabomoaji; hii huwaamsha wajenzi, na mara nyingi hupewa mtu ambaye mgongo wake umeshavunjika. Kwa kawaida haizidi miaka 2, na ikiisha lazima afuatishiwe dawa nyingine ya kuushika mfupa uliojengwa, kwa hiyo muulize daktari sasa ni ipi itakayofuata. Kalamu moja ni ya siku 28. Ikibaki dawa ndani baada ya hapo inatupwa. Ikae kwenye friji. Siku za mwanzo adungwe akiwa ameketi, kwa sababu wengine hupata kizunguzungu. Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa ipeleke kliniki, isiende na taka za ploti mahali ambapo watoto hucheza.