Barua kwa mwanangu: kwa nini niliwatia wageni wako jikoni

Assalaam aleikum mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata jana baada ya Isha, nikaona si wa kujibu kwa sauti ya nusu dakika kwenye simu. Umeniuliza kwa nini mama mkwe wa mkuu wako wa kazi ameonekana kwenye picha amejifunga kanga kiunoni, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi uani kwetu. Ukasema, "Mama, wale ni wageni. Si ungewapeleka Forodhani wakala, wakapumzika?" Najua wasiwasi wako ni heshima yako ofisini, na mimi naijali kama yangu. Basi nikueleze siku yenyewe ilivyokwenda.

Asubuhi tulikunywa chai hapa nyumbani, chapati na maharage ya nazi, kisha tukashuka diko la Malindi kabla jua halijawa kali. Niliwapeleka huko kwanza kwa makusudi. Mtu akitaka kuijua Unguja aanze na samaki, majumba yatamngoja. Mkuu wako na mkewe walisimama pembeni wakipiga picha mnada. Yule mama hakusimama pembeni. Aliinama kwenye fungu la changu, akamfunua mmoja shavu kutazama wekundu, akambonyeza mgongoni kwa kidole gumba, akamrudisha. Akachukua mwengine. Muuzaji akanyamaza, akajua huyu si wa kudanganywa. Mama yule amekulia Mwanza, mumewe alikuwa mvuvi wa sato na sangara, na tangu waliposhuka kwenye boti siku iliyotangulia alikuwa hajasema maneno kumi. Pale dikoni ndipo nilipomwona macho yamechangamka, na hapo hapo nikajua jioni hiyo nitampa kisu.

Samaki nikampa kijana wa jirani awapeleke nyumbani kwenye barafu, sisi tukaingia Mji Mkongwe. Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la kifalme, tuliitazama kwa nje tu. Niliwaambia Sultani Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, na ndiyo iliyotangulia kuwa na taa za umeme hapa kisiwani, na kwamba Disemba 2020 upande wake mmoja ulianguka. Mimi kila nikipita pale moyo unaniuma, siwezi kuwaonyesha watu jengo lile nikatabasamu tu kama mtembeza watalii. Ngome Kongwe tuliingia, tukapata kivuli, tukatoka.

Mkunazini tulikaa zaidi. Unajua mimi ni Mwislamu na wao ni Wakristo, lakini mahali pale si pa dini moja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa likajengwa juu ya uwanja wake. Niliwaonyesha ule msalaba wa mbao uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, Zambia, ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Nje wakayaona masanamu yaliyosimama shimoni na minyororo shingoni. Yule mama alisimama muda mrefu sana. Alipotoka aliniuliza jambo moja tu: hao watu walitolewa wapi? Nikamwambia wengi walitoka bara, upande wa Nyasa, na wengine walipitia njia za Tabora na Ujiji hadi pwani. Akasema, "Basi wengine ni watu wetu." Nikamwambia ndiyo, dada yangu, na wengine waliobaki hapa ndio sisi.

Huwezi kumtoa mtu hapo ukamkalisha kwenye meza ya hoteli aletewe sahani na kijana asiyemjua. Mimi siwezi.

Mchana tulikula urojo. Niliwapeleka kwa mama mmoja wa mtaani anayepika mwenyewe, si kwa wale wanaouza kwa ajili ya wapita njia. Unaukumbuka: bhajia za dengu, kachori, viazi, chatine ya nazi, chipsi za muhogo zimevunjwavunjwa juu, na ule uchachu wa embe mbichi na ndimu. Mke wa mkuu wako aliomba bakuli la pili. Mkuu mwenyewe akaniuliza kama vyote hivi asili yake ni hapa. Nikamjibu kwamba karibu hakuna kilichozaliwa hapa. Muhogo na pilipili vilitoka Amerika, karafuu tunazojivunia asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali, na bhajia ni za Wahindi. Kila aliyekuja alikuja na kitu chake, akaingia jikoni kwa mtu, akaonyesha, akaonyeshwa. Mwanangu, lau wale wote wangekaa ukumbini wakingoja kuletewa, mimi na wewe tungekuwa tunakula nini leo?

Hilo ndilo jibu langu hasa. Lakini sikiliza na ya jioni.

Wao walikuja na zawadi ya mchele wa Shinyanga. Nikasema tupike huo huo, wali wa nazi, mchicha wa nazi, na changu wa kupaka. Sokoni kuna nazi ya kukunwa kwa mashine, ningeweza kununua. Nilinunua nazi nzima. Yule mama akaomba mbuzi akae yeye. Mwanzo alikuna kwa nguvu mno, nyeupe ikaanza kutoka na vipande vya kahawia vya ganda. Nikamshika mkono, nikamzungushia kifuu polepole, nikamwambia ukifika karibu na ganda geuza. Nazi ya pili ilitoka laini, nyeupe tupu. Tukachuja kwa kifumbu cha marehemu bibi yako, tui zito tukaliweka kando, jepesi tukalipikia mchele.

Mkuu wako nilimpa upawa akoroge tui la mchuzi wa kupaka, lenye thomu, tangawizi, bizari na ukwaju. Nilimwambia asiache mkono hata akiitwa na Rais, maana tui likikatika limekatika. Alikoroga jasho likimtoka na simu yake ikilia, hakuipokea. Na wewe huyu ndiye unayemwogopa!

Samaki, mama yule hakuniachia kabisa. Alivyowapara magamba na kuwatoa matumbo sijaona kwa mtu wa hapa mtaani. Alipokuwa anawachanja ubavuni ndipo alipoanza kuzungumza, na hakunyamaza tena. Alinieleza jinsi walivyokuwa wakilala ufukweni na mumewe wakingoja mitumbwi, na usiku ule ziwa lilipochafuka mumewe akarudi bila mwenzake wa kazi. Akanieleza vile wao wanavyompika sato kwa nyanya na bila mafuta mengi. Binti yake alisimama mlangoni na kachumbari mkononi, akaniambia baadaye kwamba hadithi ile ya ziwa alikuwa hajawahi kuisikia.

Wali tuliupalia makaa juu ya kifuniko, tukala chini kwenye mkeka, sinia moja. Ukoko waligombania.

Wewe nilikufundisha mgeni apewe kiti, maji na chakula cha moto, na sijaliondoa hata moja katika hayo. Ila umri wa yule mama ni wa mtu aliyelisha watu maisha yake yote. Kumkalisha siku tatu akihudumiwa, hata kukunja kitambaa asiruhusiwe, ni kumwambia kazi yake imekwisha duniani. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa mbuzi siku ya pili, kwa sababu nilimwona anaitaka.

Forodhani tulikwenda pia, usiku, kupunga upepo. Tulikunywa juisi ya miwa ya tangawizi na ndimu, pweza tukampita, hakuna aliyekuwa na nafasi tumboni.

Kwa hiyo ukionana na mkuu wako Jumatatu usimwombe radhi kwa niaba yangu. Na jambo moja zaidi: yule mama amesema atakupa dagaa wa ziwani uniletee ukija likizo. Tafadhali usimwambie asijisumbue. Chukua, shukuru, na uwafunge vizuri ndani ya mifuko miwili, kwenye boti kuna unyevu.

Mama yako