Mwenye nyumba hajui kuwa mimi ni mchoraji

Shangazi, mimi ni mchoraji mwenye umri wa miaka 68. Tangu mke wangu afariki naishi kwa mwanangu Dar es Salaam, na picha zangu zimeviringishwa chini ya kitanda. Nataka kurudi Bagamoyo, nipange mahali pa kulala na kufanyia kazi. Wenye nyumba wawili walinikataa waliposikia habari za rangi. Wa tatu, wa Dunda, yuko tayari kunipa vyumba viwili kwa kodi ya miezi sita, lakini dalali ananishauri nijitambulishe kama mstaafu tu, mengine yatajulikana baadaye. Nifanyeje?

Kaka yangu, shikamoo, maana umenizidi miaka miwili mitatu.

Ushauri wa dalali huyo unamfaa yeye peke yake, kwa kuwa akishapokea udalali wake, ugomvi utakaozuka baadaye haumhusu. Wewe ndiye utakayefunga madirisha kila unapofungua kopo la tapentaini, na kwa umri wetu huu, kulala usiku kucha ukiivuta harufu hiyo ni kukitafutia kifua maradhi. Mwambie mwenye nyumba kabla hujatoa hata shilingi.

Nenda mwenyewe, dalali abaki nyumbani, nawe uchukue picha moja iliyokauka pamoja na lile nailoni unalotandika sakafuni, kwani watu wengi wakisikia neno mchoraji huwaza kuta zilizochafuliwa na vijana wanaoingia na kutoka hadi usiku. Muahidi kwamba siku utakapohama utavipaka vyumba chokaa upya. Akikubali, mkataba utamke wazi kuwa umepanga kwa makazi na kwa kazi ya uchoraji, na mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Miezi sita kwa mkupuo ni mzigo; omba uanze na mitatu, hakuna aibu kuomba.

Hukuniambia nyumba ikoje. Kama ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na uani nyuma, omba vile viwili vya mwisho vinavyopakana na uani, hata kama ni vidogo. Kimoja kiwe cha kulala tu, wala kopo la rangi lisiingie humo. Cha kazi kikiwa na dirisha linaloangalia kusini, una bahati: Bagamoyo iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia mwezi Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, nawe utapata mwanga uliotulia bila jua kukupiga kwenye picha. Hata hivyo, upepo wa kusi huja na mvua, kwa hiyo sugua ukuta ulio chini ya dirisha kwa kiganja. Kikitoka na unga mweupe wenye ladha ya chumvi (nimewahi kuulamba, usinicheke), ukuta huo unavuta unyevu, na picha utakazouegemezea zitaota ukungu.

Uani si wako peke yako. Wapangaji wenzako watakuwa wanafua na kupika humo, na tapentaini karibu na jiko la mkaa ni moto unaosubiri cheche. Kaa nao siku ya kwanza, uwaulize ni saa ngapi majiko yanazimwa na kona ipi haina kamba za nguo, ndipo utoe meza yako.

Mwenye nyumba akikataa, usimbembeleze. Ulizia kwa walimu na wanafunzi wa TaSUBa, maana chuo cha sanaa kimekuwapo Bagamoyo tangu mwaka 1981, na wenye nyumba wanaowapangisha wamekwisha kuzoea ngoma, sembuse brashi.