Mwanangu, mjomba wako mtaje

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa ubavuni kwangu. Umeuliza kuhusu usaili wako wa viza ya kusoma Ujerumani: "Baba, Jumanne ubalozini wakitaka kujua nani ananilipia, niseme ni wewe peke yako? Rafiki yangu anasema nikimtaja mjomba wataona hatujiwezi."

Mtaje. Mtaje kwa jina, na kiasi alichotoa ukitaje.

Ichukue ile taarifa ya benki, fungua ukurasa wa pili. Kiinua mgongo changu cha bandari kimeingia mara moja. Chini yake zipo pesa za shamba la Pongwe. Halafu lipo jina la mjomba wako mara 3, kila alipouza machungwa yake ya Muheza. Wakati wewe unajibu, ofisa atakuwa anaangalia karatasi hiyo hiyo. Ukisema ni baba peke yake, umepingana na karatasi uliyoipeleka mwenyewe, na yeye atajuaje kwamba uliyemficha ni mjomba tu, tena kwa aibu?

Zile euro 11,904 tulizoweka kwenye akaunti ya Ujerumani si ada, na ubalozi hauchukui hata senti. Ni za chakula chako na kodi ya chumba kwa mwaka mzima. Ukishafika Hannover utafunguliwa euro 992 kila mwezi. Zote kwa jumla, kwa pesa yetu, ni zaidi ya shilingi milioni 30. Mstaafu wa bandari ya Tanga akidai zote hizo katoa yeye, hapo ndipo pa kutilia shaka. Ukoo uliochangishana ni jambo la kawaida, na linaelezeka. Wakikuuliza mjomba anakusaidia kwa nini, jibu unalo: alisoma sekondari miaka 4 akiishi kwetu Chumbageni, akilala chumba cha uani, chumba kile kile ulichokuja kulala wewe. Mwenyewe anasema analipa deni. Mimi sikumdai, lakini maneno yake yafikishe kama alivyoyasema.

Nakusisitizia kwa sababu yalinikuta, na sijawahi kukusimulia. Mwaka 1997 nilichaguliwa kazini kwenda mafunzo ya wiki 6 nje ya nchi. Kulikuwa na bwana mmoja akiwaandikia watu majibu ya usaili wa viza kwa malipo. Nikamlipa, nikayakariri njia nzima ndani ya basi mpaka Dar. Yule mama wa dirishani akaniuliza mafunzo ni ya muda gani. Kumbe yale majibu yaliandikiwa mtu mwingine. Nikasema miezi 3. Akaichukua barua ya mwajiri wangu, akaibandika kwenye kioo, akaweka kidole pale palipoandikwa wiki 6. Hakuuliza la pili. Nilikuwa na haki ya kwenda, nikajinyima mimi mwenyewe kwa maneno ya kuazima.

Kwa hiyo usikariri. Soma karatasi zako mpaka uzijue kama unavyoijua njia ya kuja nyumbani: kozi inaanza lini, ina mihula mingapi, bima umekata wapi.

Wakiuliza kwa nini umechagua kusomea mambo ya maji, usiwaanzie mbali, wala usiwasifie reli waliyoanza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893. Waambie habari za bwawa la Mabayani linalotupa maji hapa Tanga. Waambie jinsi mto Zigi unavyoshuka kutoka Usambara ukiwa mwekundu wakati wa masika, na jinsi mama yako alivyokuwa akiyaacha maji kwenye ndoo usiku kucha yatuame. Hayo umeyaona kwa macho yako.

Na baada ya masomo? Sheria yao inamruhusu mhitimu kubaki miezi 18 akitafuta kazi ya fani yake, kwa hiyo ukitaka kupata uzoefu kule kwanza, huna sababu ya kuogopa kulisema. Ila na huku kazi ipo. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, na miradi ile itahitaji watu wa elimu yako. Lipi litangulie, amua wewe kabla ya Jumanne, usiende kuliamulia dirishani.

Ada ya viza ni euro 75, hairudi. Na tangu Julai 2025 ukinyimwa huwezi tena kuwaandikia ubalozini kupinga. Ni kuomba upya au kwenda mahakamani Berlin. Ndiyo maana nataka kila kitu kikae sawa mara hii hii.

Nimemwomba mjomba wako aandike barua fupi kwamba pesa katoa kwa hiari, si mkopo. Ameshaiandika kwa mkono wake, na ameweka nakala ya kitambulisho. Naituma kwa basi la Jumamosi asubuhi. Kaipokee stendi ya Magufuli, umpe kondakta jina lako kamili, kisha unipigie.

Baba yako