Anti, tukiwa wawili anaongea, akija mtu anakauka

Anti shikamoo. Mi ni binti wa miaka 25 niko Uyole, nina shoga yangu tumejuana tangu sekondari, tukiwa wawili chumbani anaongea mpaka namwambia pumua basi, WhatsApp ndo usiseme, voisi noti za dakika tano tano. Sasa akija mtu wa tatu, kimya. Juzi tumeenda Mwanjelwa kuchagua vitenge vya sendofu yangu, muuzaji kamuuliza dada unapenda kipi, akawa anamwangalia tu, midomo inacheza sauti haitoki, kashika pochi vidole vimekakamaa, ikabidi nijibu mimi. Kwenye daladala kimya, tumeshuka tu tumebaki wenyewe kaanza "kile cha njano kilikuwa kizuri kweli". Nilikasirika jamani! Mama anasema hana adabu maana hata shikamoo hatoi, wenzangu wanasema anaringa, wengine eti kakulia Sumbawanga kwa bibi kazoea Kifipa. Nilishamchagua awe msimamizi wangu siku ya harusi, nimbadilishe? Na ananipenda kweli huyu?
Msomaji, Uyole

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye pochi ndo umenipa jibu, mtu anayeringa vidole havimkakamai. Mi sijamwona na sio daktari wake, ila ulichoeleza kinafanana sana na hali inayoitwa selektivu mutizimu, yaani mtu anaongea vizuri tu pale anapojisikia salama, akiwa kwingine woga unabana sauti, anataka kuongea na haitoki. Sio kitu kipya, daktari wa Kijerumani Adolf Kussmaul aliiandika tangu 1877, na 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ule wa DSM-5, ukaiweka kundi moja na magonjwa ya wasiwasi. Mara nyingi inaanza kabla mtoto hajafika miaka 5 ila inakuja kuonekana akienda shule, na shule zetu mnazijua, mtoto asipomjibu mwalimu ni mkaidi huyo, fimbo, basi anakua nayo.

Hilo la Kifipa liacheni, kwani hizo dakika tano za voisi noti anaongea lugha gani?

Shikamoo sasa. Wenye hali hii wengi salamu, asante na samahani ndo zinawashinda kuliko hata stori ndefu, na ukifikiria unaona kwa nini, mkubwa kasimama anasubiri, macho yote kwake, neno ni moja na linatakiwa sasa hivi. Kaa na mama umweleze. Shoga yako akikunja goti, mama aitikie marahaba yaishe, heshima si imefika?

Na wewe usimwambie "si uongee" mbele za watu, na siku akitoa neno msipige vigelegele, mtamrudisha nyuma. Akiulizwa kitu usikimbilie kumjibia, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, ikigoma mwachie aonyeshe kwa kidole au aandike kwenye simu. Kuna zoezi pia, ila muulize kwanza kama anataka. Mkiwa mnapiga stori chumbani mdogo wako awe sebuleni mlango wazi, siku nyingine asogee mlangoni anamenya viazi zake wala hamwangalii, siku nyingine aingie akae. Wataalamu nao wanaongeza watu hivyo hivyo, mmoja mmoja, na haraka haisaidii.

Hasira zako sikulaumu, kujibia mtu kila mahali kunachosha. Mwandikie WhatsApp, huko si ndo anafunguka, mwambie Mwanjelwa iliniuma, ukikwama tena niwe nafanyaje? Usimnunie bila kusema.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kuna kitengo cha afya ya akili, na mtu mzima anasaidika, kuna tiba ya mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua, wengine wanaongezewa dawa za wasiwasi. Msindikize, shida zake aziandike kabisa nyumbani ampe daktari karatasi.

Ananipenda kweli, unauliza. Mwanangu, anayeisikia sauti yake nje ya kwao labda ni wewe peke yako.

Usimbadilishe. Msimamizi kazi yake kukushikia maua, kukufuta jasho na kusaini, vyote havitaki mdomo. Ongea na MC mapema asije akampelekea maiki ghafla, hotuba mpe mwingine, hao wanaosema anaringa si wanajua kuongea.