Kibarazani na Mjomba: Hivi koroma ndo nini?

Mwezi uliopita niliwaomba mniletee maneno mliyoyasikia kwa bibi na babu zenu huko mlikokulia, yale ambayo ukiyasema mjini watu wanakutazama tu kama umeongea Kichina. Jamani mmeandika! Barua moja nimeisoma kwenye daladala nikacheka peke yangu mpaka konda akaniuliza mzee vipi, uko salama? Zote siwezi kuzijibu, nimechukua sita, na nawaonya mapema kwamba za Pwani nimezijibu kwa urefu maana mi nimelelewa Pangani na bibi mzaa mama, ukinigusa hapo sinyamazi.

Shikamoo Mjomba. Nilipokuwa na miaka 27 alikuja kijana mmoja mwalimu kuniposa, nikamkataa kwa sababu ya viatu vyake (naomba usinicheke). Bibi yangu kule Muheza akasema "haya, mchagua nazi hupata koroma", akaendelea kuchambua mchicha wake. Juzi namhadithia binti yangu wa miaka 14 akaniambia, kumbe ndo maana baba anakoroma! Nikakosa jibu maana hata mimi koroma lenyewe silijui vizuri. Ni nini hasa? – Mjukuu wa Bibi, Kigamboni

Marahaba mwanangu. Huyo binti mpe soda kwa niaba yangu.

Sasa sikiliza. Mnazi ukishatoa upunga, vile vitunda vidogo vinavyodondoka upepo ukipita ndo vidaka, sisi tulikuwa tunarushiana vichwani. Kidaka kikinusurika kinakuwa kitale, kitale kikikua ndo dafu, hapo unakunywa maji na kukomba ile nyama laini kwa kipande cha ganda lake. Halafu likishapitiliza udafu lakini nazi bado halijawa, hapo katikati ndo linaitwa koroma. Maji yake yameshapoteza utamu wa dafu, nyama imeanza kuwa ngumu lakini mafuta hayajaingia, yaani hunywi ukafurahi na hukuni ukapata tui. Halina kazi ya maana, na ubaya wake ni kwamba kwa nje lina sura nzuri, kubwa, limejaa, ngozi inang'aa.

Mi nililijua nikiwa na miaka tisa hivi. Bibi alinituma nazi mbili kwa jirani ambaye mkwezi alikuwa ametoka kumwangushia, nikakuta fungu chini ya mnazi zimechanganyika, na mama wa watu akaniambia chagua mwenyewe. Basi nikajiona mkubwa, nikageuza moja baada ya nyingine, hii ina kovu, hii imekauka sana, hii ndogo, nikapita zote za kahawia nikabeba mbili kubwa za rangi ya kijani inayoelekea manjano. Babu akazifua kwenye kifuo, bibi akapiga moja kwa mgongo wa panga, maji yakatoka mengi kweli, nikasema ona bibi! Akakaa kwenye mbuzi akaanza kukuna, ile nyama ikawa inateleza kwenye meno ya mbuzi kama sabuni, haitoki unga, inatoka vipande vipande vyenye maji. Akatia kwenye kifumbu akakamua, tui likatoka jepesi la kijivujivu, unaona mpaka chini ya bakuli. Hakunigombeza. Alisema maneno hayohayo ya bibi yako kisha akanirudisha kwa jirani jua la saa sita, safari hii ameniagiza nitikise kila nazi sikioni, nikisikia maji yanacheza ndani ndo nibebe, kikiwa kimya niache. Mpaka leo nikiwa sokoni natikisa, mke wangu anajifanya hanijui.

Kwa hiyo bibi yako hakukutabiria mume anayekoroma. Alikuwa anakwambia ukigeuzageuza sana jicho linachoka, mwisho unabeba lenye sura. Ila hapa na mimi nina neno langu, misemo hii wazee waliipenda kuitumia kwa mabinti kuliko kwa wavulana, kijana akikataa wachumba watatu utasikia "mwacheni atulie". Kama yule mwalimu moyo wako ulimkataa na viatu ukavitafutia kisingizio tu, basi hukuchagua nazi, ulikuwa huna hamu ya wali wa nazi siku ile, basi.

Mjomba shikamoo, mimi kwetu Korogwe, nyumba ya wazee ilikuwa jirani na stesheni na utoto wangu wote ni treni, ikipiga honi tu tunatoka mbio na sinia za machungwa yaliyomenywa. Mke wangu kwao Tukuyu. Nilipompeleka Tanga mara ya kwanza tukafikia kwa shangazi, shangazi akatania "Tanga hiyo, waja leo warudi leo", mke wangu akanuna siku nzima anasema ndo mnavyowafukuza wageni nyie? Nisaidie, ni miaka minne sasa bado ananikumbusha. – Mtoto wa Stesheni, Tabata

Marahaba. Mpe pole mkwe wetu, na hana kosa, maana ule msemo hata wenyeji wanauelewa tofautitofauti, wapo wanaousema kama kijembe kweli. Lakini mi nilivyoukuta ukisemwa mtu anausema huku anacheka. Maana yake we mgeni unashuka stendi unasema nimekuja mara moja tu, jioni narudi, halafu unaonja samaki wa Tanga, unatembezwa Raskazone kuangalia bahari, unakaribishwa chai hapa na kahawa pale, mara wiki ya pili unatafuta chumba cha kupanga. Ndo wenyeji wanakuzomea sasa, eti waja leo warudi leo!

Na kuna kitu kingine hapo kimemponza mkwe. Hilo "waja" yeye kalisikia kama "wao wanakuja", kumbe kwa Kiswahili cha zamani cha Pwani "waja" ni wewe pia, kama bibi akikuuliza "wataka nini?" Sasa jaribu kuisema kwa sauti ya kuuliza, waja leo, warudi leo? Yaani ndo umefika halafu unaondoka hivihivi, hujala? Mi nikiisikia hivyo naona ni mtu anakuvuta mkono ukae. Mwambie hivyo, na umnunulie kanga wakati unamwambia.

Kuhusu treni umenikumbusha mbali. Reli ile Wajerumani waliianza Tanga 1893 na ilifika Moshi 1911, miaka 18, hebu piga picha ugumu wake. Baadaye treni za abiria zilipotea kwa muda mrefu kabisa, majani yakaota mpaka mbuzi wakawa wanalala kwenye mataruma, mpaka mwishoni mwa 2019 ndo treni ya Dar kwenda Moshi ikarudi, na Korogwe inapita. Kama hujaipanda mpeleke mkwe kwa hiyo safari hii, asipitie stendi tena.

Assalaam aleykum Mjomba. Niko Muscat mwaka wa 11 huu na watoto wawili wamezaliwa huku. Kiswahili wanaongea lakini ni cha nyumbani tu. Kila tukimpigia bibi yao Pangani mwisho wa simu lazima aseme "haya, mwenda tezi na omo marejeo ngamani" halafu anakata. Mkubwa ameniuliza kama bibi anawaombea mabaya. Nilicheka, baadaye nikalia. Naomba uwaelezee kwa maneno ambayo mtoto wa miaka tisa ataelewa. – Mama Wawili, Muscat

Waaleykum salaam, na umenipata kwetu kabisa.

Mwambie hivi. Chombo cha bahari, mashua au jahazi, kina mbele na nyuma. Mbele ndo omo, nyuma anapokaa mshika usukani ndo tezi. Katikati chini kabisa, pale maji yanapojikusanya, ndo ngama. Ukiwa chomboni utakwenda mbele, utakwenda nyuma, lakini maji yakijaa ngamani wote mtazama, kwa hiyo lazima mtu arudi pale kuyatoa. Kuyatoa huko kunaitwa kufua maji, na chombo cha kuchotea ni upo. (Ndo Kiswahili hicho, unafua nguo, unafua nazi, unafua chuma na maji unafua.)

Sasa huyo mtu wa kurudi ngamani nilikuwa mimi. Mjomba wangu alikuwa na mashua mdomoni mwa mto, pale Mto Pangani unapokutana na bahari, mji upande huu na Bweni ng'ambo, na pale maji hayatulii hata siku moja, maji ya mto yanasukuma nje na bahari inasukuma ndani, chombo kinaruka kama punda. Mi kazi yangu ngamani na upo, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, yananuka samaki wa juzi. Lakini mtoto ni mtoto, nikiona pantoni inakatisha nakimbilia omo kuipungia mkono, mara nakimbilia tezi nijaribu usukani, na mjomba bila hata kugeuka anasema taratibu, "mwenda tezi na omo…" anaacha hapohapo, mi namalizia mwenyewe huku narudi chini, "…marejeo ngamani". Wallahi mpaka nafika darasa la sita nilijua ule msemo ulitungwa kwa ajili yangu, siku mwalimu wa Kiswahili alipouandika ubaoni nilisimama nikamwambia huyo ni mjomba wangu kasema.

Basi bibi hawaombei mabaya. Muscat kwake ni omo hiyo, mbele huko kwenye upepo mzuri, yeye yuko ngamani anawasubiri. Anakata simu haraka kwa sababu hataki msikie sauti inavyobadilika, hiyo mi nabahatisha tu lakini nawajua bibi wa Pangani. Mfundishe mkubwa akisikia tena "mwenda tezi na omo" amalizie yeye kabla bibi hajamaliza, halafu aongeze "tuwekee upo bibi, tunakuja". Uniandikie alichojibu.

Mjomba, kila toleo nazi, samaki, mashua. Sisi wa bara hatukuwa na bibi? – Mwana wa Shinyanga

Mwangaluka! Umenishika, nakubali kosa. Miaka miwili nilifanya kazi huko kwenu na kitu kilichoniingia ni kwamba mtu hakupiti, hata kama anawahi mnada na baiskeli imejaa magunia atasimama akusalimie, wewe na nyumba yako na mvua na ng'ombe, ndo aendelee. Na michembe na matobolwa! Viazi vitamu vilevile ila michembe ni ya viazi vibichi vilivyokatwa vikaanikwa, matobolwa vimechemshwa kwanza ndo vikaanikwa, mi wa Pwani nilivichanganya siku ya kwanza nikachekwa na kijiji kizima, mwenye nyumba wangu akanipikia uji wa michembe na karanga kunifuta machozi. Ila misemo ya Kisukuma siwezi kukuandikia mimi nikaharibu maneno ya watu. Iandike wewe, uniwekee na maana yake na nani alikuwa anaisema, ukurasa mzima nakuachia.

Habari Mjomba, "haba na haba hujaza kibaba", kibaba ni kilo ngapi? Tunabishana ofisini. – Kijana wa Makumbusho

Kibaba si kilo, ni kipimo cha kujaza. Vibaba vinne ndo pishi moja. Kwa mchele kibaba kinakaribia robo tatu ya kilo lakini inategemea unapima nini, na inategemea zaidi mkono wa muuzaji, maana bibi alikuwa na duka moja haendi kabisa, alisema mwenye duka yule kidole gumba chake kinaingia ndani ya kibaba na kuhesabiwa mchele. Mshindi wa ubishi anunue chai.

Mjomba kwa ukweli kabisa, mbele ya Mungu, nyumbani kwako mnatumia kifumbu au brenda? – Mpenda Wali, Mbagala

Brenda.

Kifumbu cha bibi ninacho, kimetundikwa jikoni juu ya mlango, kimekuwa cheusi kwa moshi wa miaka. Umeme ukikatika mke wangu anakitazama, halafu ananitazama mimi.