Udhaifu wa Mifupa kwa Wagonjwa Wanaolazwa

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 68 na ametumia vidonge vya prednisoloni kwa muda mrefu kwa sababu ya pumu. Alipolazwa kwa nimonia, eksirei ya kifua ilionyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea, ingawa hajawahi kuanguka. Je, wagonjwa wengi wanaolazwa wana udhaifu huu wa mifupa?

JIBU: Ndiyo, ndugu msomaji, tena ni wengi kuliko majalada ya wodini yanavyoonyesha. Katika jamii kwa jumla, inakadiriwa kwamba miongoni mwa waliotimiza miaka 50, mwanamke mmoja kati ya watatu na mwanamume mmoja kati ya watano watavunjika mfupa kwa sababu ya osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua msongamano na kuwa dhaifu. Wodini hali huwa nzito zaidi, kwa kuwa wengi wanaolazwa ni wazee, au wana ugonjwa wa figo, wa ini au baridi yabisi, au wanatumia steroidi (dawa za kundi la prednisoloni ya mama yako), ambazo hudhoofisha mfupa haraka hasa katika miezi ya mwanzo.

Kinachonisikitisha ni kwamba pingili nyingi hubonyea bila maumivu makali, mgonjwa akapungua kimo na kupinda mgongo huku jamaa wakidhani ni uzee tu. Msomaji wa eksirei ya kifua naye huyatazama mapafu, na mara nyingi pingili hiyo haitajwi kabisa katika ripoti.

Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1994, alama T (inayolinganisha msongamano wa mfupa wa mgonjwa na wa kijana mwenye afya) ya −2.5 au chini yake ni osteoporosisi, na iliyo kati ya −1 na −2.5 ni upungufu wa kiasi. Upungufu huo wa kiasi usimpe mtu faraja, kwani wengi wanaovunjika mifupa wamo humo. Pingili iliyobonyea bila ajali, ikiwa hakuna ugonjwa mwingine uliosababisha, inatosha kuanzisha matibabu.

Kabla mama hajaruhusiwa, mwombe daktari aiandike pingili hiyo katika jalada, apange kipimo cha msongamano wa mifupa ya nyonga na mgongo, apime kalsiamu, vitamini D na figo, kisha aeleze dawa ya kuimarisha mifupa inayomfaa. Prednisoloni asiiache ghafla, kwa sababu mwili uliokwisha kuizoea unaweza kushindwa kutengeneza homoni zake kwa wakati.