Bucks County na mama mgeni, mwezi wa Desemba

Dada, umesema mama anakuja Philadelphia Desemba na unatafuta pa kumpeleka mbali na maduka. Mpeleke kaunti jirani ya Bucks, hutajuta.

Sikukuu ya Krismasi, pale Washington Crossing, watu huigiza jinsi George Washington, jemadari wa Wamarekani katika vita vya kudai uhuru kutoka kwa Waingereza, alivyovusha wanajeshi wapatao 2,400 mto Delaware usiku wa tarehe 25 Desemba 1776, wakauvamia mji wa Trenton asubuhi iliyofuata. Wanavaa nguo za enzi zile na kupiga makasia kwenye mashua ndefu za mbao. Maji yakizidi au upepo ukichafuka hawavuki, kwa hiyo angalia taarifa kabla ya kutoka. Kuna pia zoezi la majaribio mapema zaidi mwezi huohuo.

Ila mimi moyo wangu uko mji wa Doylestown, humohumo Bucks, kwenye makumbusho ya marehemu Henry Mercer. Huyu bwana aliona viwanda vinaua kazi za mikono, akaanza kukusanya zana za mafundi, kisha akazijengea jumba la zege lililokamilika 1916. Ukisimama katikati ukainua macho, unaona mashua ya kuvulia nyangumi na gari la farasi vinaning'inia juu yako! Mama yeyote aliyewahi kushika jembe au kinu atakaa hapo saa nzima. Ukumbi huo ni baridi, mvalishe koti zito. Nyumba yake, Fonthill, iko karibu, lakini ina ngazi nyembamba nyingi. Kama magoti yanamsumbua, iacheni.

Jioni pitieni Peddler's Village; ni kijiji cha maduka, lakini nyinyi nendeni mkaone taa za Krismasi tu.